Mwongozo wa Kuandika Ovyo Bila Kujisahihisha

Mwaka 1973 mwalimu Mmarekani, Peter Elbow, alichapisha kitabu chenye zoezi jepesi: shika kalamu, andika kama dakika kumi mfululizo, usifute, usirudi nyuma kusoma. Ukiishiwa, andika kwamba umeishiwa. Njia hii imewafaa wengi. Ila Elbow hakufanya mtihani wa insha hapa Kenya, kwa hiyo wewe wa Nakuru unahitaji maelekezo ya ziada.

Chagua mahali. Steji ya matatu za Njoro usiende: ukitoa daftari na kuanza kuandika huku ukiangaza macho, wachuuzi watakunja turubai zao, na makanga atakuuliza kwa heshima zote kama kanjo siku hizi wameacha sare. Kaa Nyayo Gardens, chini ya mti. Punde mzee wa benchi jirani atataka kujua kama unaandika barua ya kuomba kazi. Mwambie ndiyo. Ukimwambia unaandika tu, atauliza kwa nini, nawe huna jibu.

Usiandike jina, tarehe wala kichwa. Usipige mstari wa pambizo. Huna rula? Najua. Ndiyo maana umeshatoa kitambulisho.

Sasa sentensi ya kwanza. Iandike upesi, kabla hujaifikiria. Itahusu jogoo. Jogoo atawika, nawe utadamka buheri wa afya, ingawa unaishi ghorofa ya nne kule Section 58 na jogoo wa mwisho uliyemwona alikuwa na ugali pembeni. Usimfute. Sentensi ya pili itawataja wahenga; nao waache. Kwa kawaida huondoka wenyewe kufikia ukurasa wa tatu. Hutafika ukurasa wa tatu.

Usihesabu maneno. Hapa ndipo wengi huanguka, basi twende polepole. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE ilikupa saa moja na dakika 45, insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, kila moja alama 20. Hayo yalipita zamani. Leo una mkopo wa sacco na ploti Bahati unayoilipia kidogokidogo. Hata hivyo mkono utahesabu maneno ya mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu, utafute wastani, uzidishe kwa idadi ya mistari, kisha uandike jibu pembeni kwa penseli, dogo kabisa, msimamizi asilione. Msimamizi hayupo. Usimtafute.

Wazo likija kwa Kikuyu, Kikalenjin au Sheng, liandike lilivyokuja. Utageuka kutazama kama kiranja anakuja na kile kibao cha kuvalishwa shingoni. Tulia. Kiranja huyo sasa ana nyumba Milimani, na watoto wake hawaelewani na nyanya yao.

Yote yakishindikana, iko njia ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa, aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi ya chooni. Ilikuwa karatasi ngumu, adhabu tupu kwa kazi yake halali, lakini wino uliishika vizuri. Tena hakuna shule iliyowahi kumfundisha mtu kuipigia pambizo. (Ajabu kwamba vitabu vya mwongozo wa insha havilitaji hili.) Ila usikimbilie dukani: hizi laini za siku hizi, kalamu inapenya hadi mezani.

Dakika zikiisha, funga daftari bila kusoma. Utasoma. Ukishasoma, usijipe alama. Utajipa 11 kwa 20, na chini yake, kwa kalamu nyekundu ambayo hukumwambia mtu kwamba umeibeba, utaandika “Jitahidi.” Kesho njoo bila kalamu hiyo. Ukishindwa, na utashindwa, basi angalau masahihisho usiyafanye siku hiyo hiyo.