Waraka kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa taadhima kutoka Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nikitumaini waraka huu utakukuta huko Kinshasa u mzima wa afya, na kwamba hakuna kiungo chako hata kimoja kinachokusumbua. Dua hii naiomba kwa moyo mweupe. Huku kwetu Fizi kiungo kikisumbua, mwenyewe hujitafutia namna, na mtu wa cheo chako sitaki apatwe na hayo.

Kwanza nikushukuru kwa sheria. Ile namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, imeandikwa kwa Kifaransa safi. Kabla yake tulikuwa na ibara ya 49 ya Katiba ya 2006, na baadaye Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2015. Sina shaka unayakumbuka yote matatu, maana hutajwa kila palipo na kipaza sauti. Ila kwa kuwa kazi zako ni nyingi, niruhusu nikurejeshe kwenye ibara ya 26 ya Mkataba huo. Humo tuliahidi huduma za kumrudisha mtu katika shughuli za maisha yake, karibu iwezekanavyo na anapoishi, vijijini pia. Mheshimiwa, Mboko ni kijiji. Kazimia ni kijiji. Lulimba nako ni kijiji, na watu wake wanaishi hapo hapo.

Huduma ninayoizungumzia ni tiba kwa vitendo, ambayo waliosoma wanaiita ergoterapi. Nisingethubutu kukufundisha wewe. Lakini bajeti hupita mikononi mwa wengi kabla ya kufika kwako, na huenda mmojawapo akauliza ni kitu gani.

Amweleze hivi. Mama muuza ndagala amepata kiharusi, mkono wa kuume umekufa ganzi. Madaktari wakamwokoa, Mungu awabariki. Kama ana bahati, akampata na kiné, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa kumnyoosha bega na goti. Kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani, ambako mafiga yako chini, choo ni tundu la kuchuchumalia, na beseni la ndagala linangoja kuanikwa kabla jua halijapanda. Kiné alipima goti linapinda mpaka wapi. Mtaalamu ninayemwomba angeuliza goti hilo lilikuwa likimpeleka mama wapi kila asubuhi. Angekaa jikoni kwake amtazame. Angeinua meko kwa matofali mpaka usawa wa kiuno, angebana sufuria kwa mbao mbili ili isizunguke anaposonga bugali kwa mkono mmoja, angezungushia mwiko kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili ushikike. Angemwita seremala atengeneze kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo. Na angemfundisha kuanika ndagala akiwa ameketi, kwa mkono wa kushoto, siku baada ya siku, hadi mkono huo ukubali kazi ambayo haukuizoea. Mbao, misumari na mipira ya baiskeli vimejaa soko la Baraka. Tulichokosa ni mtu aliyesomea kuvitazama kwa jicho hilo.

Au mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa, shingo haishiki, majirani wananong'ona uchawi. Analishwa akiwa amelala chali, chakula kinapita njia isiyo yake, kifua kinaugua kila mara. Kiti kimoja cha mbao chenye kushika kichwa na kiuno kingemfanya ale akiwa wima, na mama yake angepata mikono miwili ya kulima muhogo. Sitaongeza habari za waliopigwa risasi, walioangushwa na pikipiki barabarani na waliofunikwa na udongo kwenye mashimo ya dhahabu ya Misisi. Ripoti hizo unaletewa, na naamini unazisoma.

Nikushukuru tena kwa baiskeli za magurudumu matatu, ambazo wakubwa na wafadhili hupenda kuzigawa mbele ya kamera. Picha hutoka safi sana. Mchanga wetu, kwa kukosa adabu, hushika magurudumu hatua chache tu baada ya wapiga picha kuondoka, na milango ya nyumba haikuambiwa ijipanue. Angekuwapo wa kupima mlango, njia na mikono ya mpewa kabla ya kununua, huenda fedha zile zingefika mbali zaidi kuliko baiskeli zenyewe.

Utaniambia, na utakuwa na haki, kwamba Bukavu kuna Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu. Kipo, na kazi yake tunaiheshimu. Lakini kutoka hapa hadi Uvira peke yake ni kilomita zipatazo 90 za mashimo, na Bukavu iko mbele zaidi. Mwenye mguu mmoja huhesabu kila shimo. Kisha Februari 2025 Bukavu ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Siwezi kukulaumu kwa vita. Ninachoona tu ni kwamba siku mji ule ulipoanguka, ile sheria nzuri ilikuwa imekwisha kukaribia miaka mitatu.

Utasema pia nchi ni kubwa na Fizi ni mbali. Ni kweli. Hata hivyo Februari 2011 Serikali ilifika. Mahakama ya kijeshi ilikuja hapa Baraka na majaji wake na makarani wake, ikasikiliza kesi ya wanawake waliobakwa Fizi siku ya mwaka mpya, ikahukumu maofisa na askari. Tuliona kwa macho yetu kwamba Serikali ikitaka kusafiri, husafiri. Majaji walifunga majalada wakaondoka. Wanawake walibaki na miili yao, na mashamba yaliyokuwa yakiwangoja. Wa kuwasaidia kurudi kwenye jembe, sokoni na usingizini hakuwamo katika msafara, labda kwa sababu ya nafasi.

(Daktari mashuhuri kuliko wote waliopata kufika pande zetu alivuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965, jina lake Ernesto Guevara, na alikuja na bunduki. Kwa hiyo, Mheshimiwa, usiogope kwamba tutakupima kwa kipimo cha juu.)

Wataalamu wa tiba kwa vitendo hawaagizwi kutoka mwezini. Kenya inawafundisha tangu 1968. Tanzania wanasomea katika hospitali ya KCMC, kule Moshi. Rwanda nao wanafundisha, ingawa najua jina hilo siku hizi halitamkwi vizuri mezani kwako. Kuanzia 2005 meli zilileta ndugu zetu wakimbizi kutoka Kigoma mpaka bandari ya Baraka, na maji yale yale huenda ng'ambo pia. Naomba vijana wawili, wauguzi wa hapa Baraka na Nundu, wapelekwe Moshi kwa mkataba wa kurudi. Masomo yatakuwa ya Kiingereza, watahangaika kidogo, lakini sokoni, kwa Kiswahili, hawatapotea.

Ombi la pili ni dogo zaidi. Usitutumie semina, tafadhali. Wala usijisumbue kutuletea nakala ya sheria, maana tunayo. Ikiwa gharama ya nauli ya vijana hao inazidi gharama ya uzinduzi wa kawaida, tuandikie, tutaichangisha tofauti yake hapa hapa gatini.

Wako kwa utii,
Raia wa Fizi, Baraka