Agosti ya Iowa
Kila Agosti, shabiki wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa huapa kwamba safari hii ushambuliaji utawaka moto. Eti mazoezini hawazuiliki! Mwaka 2022 walifungua msimu kwa ushindi wa 7–3 bila tachidauni hata moja: pointi 3 za teke, 4 walizochuma walinzi. Mwaka uliofuata, mkataba wa kocha wa ushambuliaji, ambaye (bahati iliyoje) ni mtoto wa kocha mkuu, ukadai wastani wa pointi 25 kwa mechi. Zikapatikana 15 na ushei. Nyota wao? Tory Taylor, aliyetwaa tuzo kwa ustadi wa kuwapigia wapinzani mpira mbali. Lakini mwaka huu, jamani, kuna kwotabeki mpya.