Kwa Dawati la Masahihisho: Milimita 3 Zimetufikia

Waheshimiwa waandaaji wa podikasti ya vita vya wakoloni,

Sisi wasikilizaji wenu wa Ushetu, tunaowafungulia usiku tukichochea moto wa bani la tumbaku, tunawapa pongezi. Mlisema mizinga 10 ya manowari ya Kijerumani Königsberg, ile iliyomalizikia Rufiji Julai 1915, ilikuwa ya sentimita 10.2. Msikilizaji akawakosoa kuwa ni 10.5. Mkaomba radhi kwa sauti nzito utadhani mmefiwa. Milimita 3! Waliovitoa vyuma hivyo matopeni na kuviburuta hadi Dar es Salaam hawakutajwa, lakini tunaelewa: hawana kipenyo.

Nasi tukaleta letu. Mlisimulia kwamba Wabelgiji wa Jenerali Tombeur waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, huku Waingereza wa Brigedia Jenerali Crewe wakiwa bado njiani kutoka Mwanza kupitia Shinyanga. Sawa kabisa. Tukauliza tu: unga, risasi na mahema vilisafirije? Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika 1928, kwa hiyo treni msiisingizie.

Mkajibu kwamba hayo ni "maoni". Lakini Tombeur, aliyetunukiwa baadaye ubaroni wa Tabora, cheo chake mlikisahihisha mara mbili. Kumbe nanyi mna madaraja kama wanunuzi wa tumbaku: bunduki daraja la kwanza, vifungo vya sare la pili, Mnyamwezi na Msukuma aliyebeba vyote hivyo anarudishwa nyumbani na mtumba wake. Na Waingereza wenyewe, ambao si watu wa kututetea, waliandika vifo vya wapagazi wao zaidi ya 40,000 katika vita ile. Wengi waliuawa na kuhara na malaria, maradhi yasiyo na toleo wala mwaka wa kuundwa, ndiyo maana wataalamu wenu hawayapendi.

Basi tumejifunza lugha yenu. Pokeeni sahihisho rasmi. Aina: mpagazi. Mzigo: kilo 25 hivi, kichwani au begani. Nishati: unga, ukipatikana. Magurudumu: hana. Vipuri: mdogo wake, akikamatwa na jumbe.

Kama kilo tumezikosea, turekebisheni hewani. Muda mnao, na mtaalamu wa mizinga hajambo.

Wenu,
Wasikilizaji wa banini, Ushetu