Bibi, Si Una Mashine?

Tangu binti yangu aninunulie kile kimashine cha umeme cha kutuliza maumivu ya kiuno, pole zimekatika nyumbani kwangu kama stima wakati wa masika. Zamani nikirudi kuvuna mwani nimeshika kiuno, mjukuu hupokea gunia, mkazamwana hunitilia maji moto. Siku hizi jibu ni moja: "Bibi, si una mashine?"

Mashine yenyewe ni kiboksi cha kushika mkononi, nyaya na vibandiko vya gundi. Unabandika pembeni mwa panapouma, unapandisha nguvu polepole hadi ngozi itekenyeke. Lakini gundi yataka ngozi safi na kavu, nami hapa Kibuyuni natoka majini nimejaa chumvi na mchanga. Kibandiko kimoja hushika mgongo, cha pili hushika leso.

Mtaalamu wa viungo alinieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango la maumivu. Ndivyo walivyoandika watafiti Melzack na Wall mwaka 1965. Mtekenyo ukitangulia kufika, lango hujifunga. Sawa, ila nikizima kiboksi lango hufunguka, na maumivu huingia bila hodi. Akaniuliza pia kama nina kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, maana wenye nacho hawaruhusiwi kujibandikia ovyo.

Wala umeme huu si jambo jipya. Katika karne ya kwanza, Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi, aliwakanyagisha wagonjwa wa jongo samaki taa mwenye umeme, akiwa hai, mpaka mguu ufe ganzi. Kaka yangu mvuvi alimkanyaga taa huyo bure, bila tabibu, na maneno aliyoyatoa hayakuwa ya shukrani.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, likasema kifaa hiki kisiwe sehemu ya tiba ya kawaida, heri mazoezi. Mazoezi! Bamvua zima nainama nikifunga mwani kambani, nainuka, nainama tena, kisha nakokota magunia yanayochuruzika maji. Hayo si mazoezi, ni nini?

Jana nimejibandika vizuri, nabonyeza, kimya. Kumbe mkazamwana kachomoa betri akazitia kwenye rimoti ya televisheni. Ananiambia, "Mama, vumilia kidogo, tamthilia inakaribia kwisha."