Barua ya Wazi kwa Meza Kuu ya Warsha ya Pomboo

Waheshimiwa wa Meza Kuu,

Itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba nianze kwa pongezi. Hakuna kiumbe wa baharini anayeheshimiwa katika kumbi zenu kama pomboo. Yupo kwenye bango nyuma ya mgeni rasmi, yupo kwenye fulana, kwenye kofia, kwenye kalamu na kwenye mkoba wa makabrasha. Wavuvi wadogo nao hamjawasahau. Mmewaketisha safu za nyuma, wasubiri kipengele cha ratiba kiitwacho Maoni ya Wadau, dakika 15 kabla ya chakula cha mchana. Na mgeni rasmi akichelewa, ndizo dakika zinazokatwa. Jioni ripoti inaandika kwamba wavuvi wameshirikishwa kikamilifu, na ushahidi umeambatanishwa: karatasi ya mahudhurio yenye sahihi zao. Wapo wenye ndimi kali wanaodai kwamba mapenzi haya yameshika kasi tangu Marekani ilipotoa kanuni za 2016, zinazozitaka nchi zinazouza samaki huko zithibitishe kwamba uvuvi wao unawalinda mamalia wa bahari kwa kiwango kinacholingana na chake. Mimi siwasikilizi. Mapenzi ni mapenzi, hata yakija na barua ya soko.

Ninachotaka kusema ni kimoja, na ninakisema kwa unyenyekevu unaostahili ukumbi wenye kiyoyozi. Pomboo hafii ukumbini. Anafia kwenye jarife, usiku, mbali na pwani, na watu pekee walio karibu naye saa hiyo ni nahodha na mabaharia wake. Kwa hiyo mpango wowote wa kumlinda ambao haukuwapa watu hao usemi juu ya zana, juu ya takwimu na juu ya fedha, haumlindi yeye. Unailinda ripoti.

Tuangalie anavyokufa, maana jambo hili lina mantiki rahisi. Jarife la kuelea hutandazwa jioni karibu na uso wa maji, likachukuliwa na mkondo hadi alfajiri, likisubiri jodari, nguru, mbasi na papa. Pomboo huwinda humo humo. Uzi ni mwembamba na giza ni nene. Mnyama akinasa hana muda mrefu, kwa kuwa anavuta hewa kama sisi, na asipofika juu anazama. Mwaka 2020 watafiti walichapisha makadirio ya Bahari ya Hindi nzima: tangu 1950 hadi 2018, majarife ya kuvulia jodari yalinasa pomboo na nyangumi wadogo wapatao milioni 4.1, na idadi ya siku hizi ni kama 80,000 kwa mwaka. Wakataja nchi 9 zinazobeba takriban asilimia 96 ya vifo hivyo. Iran ya kwanza, Indonesia ya pili, India, Sri Lanka, Pakistan, Oman, Yemeni, Falme za Kiarabu. Na mwisho wa orodha, kwa adabu zake zote, Tanzania.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Makadirio hayo yalijengwa juu ya sampuli zilizokusanywa Australia, Sri Lanka, India na Pakistan. Za kwetu hazikuwemo. Tumewekwa kwenye orodha kwa kuangalia wingi wa jodari wanaovuliwa kwa majarife yetu, kisha tukapigiwa hesabu kwa pomboo waliokufa kwenye nyavu za wenzetu. Hesabu hiyo inaweza kuwa kubwa mno au ndogo mno, na wanaoweza kuisahihisha si washauri waelekezi mnaowalipa kwa siku. Ni wale wa safu za nyuma.

Mtaniambia, na nimeshayasikia maneno haya yakisemwa kwa sauti ya busara sana, kwamba mvuvi ni mtuhumiwa na mtuhumiwa hapewi daftari la ushahidi. Hoja nzuri kwa mahakama. Kwa bahari haina miguu. Mashua yenye mabaharia sita, jarife, barafu na dumu za mafuta haina nafasi ya kumkalisha afisa usiku kucha, na hata ingekuwa nayo, maafisa hawatoshi kwa madiko yote kuanzia Moa hadi Msimbati. Isitoshe, tunayoyajua kwa uhakika kuhusu pomboo wa Unguja tumeyajua kwa msaada wa watuhumiwa hao hao. Kati ya 2000 na 2002 watafiti wa Zanzibar walichunguza matumbo ya pomboo 26 walionasa kwenye majarife kuzunguka kisiwa. Walikuta mabaki ya aina 50 za samaki na aina 3 za ngisi, na windo lililoongoza lilikuwa mkunga mwembamba wa chini ambaye hakuna mama ntilie anayemgombania. Basi hata ule uvumi wa kwamba pomboo anammalizia mvuvi samaki wake ulijibiwa na mizoga iliyotoka nyavuni mwa wavuvi. Jarida la kisayansi lilipata makala. Mvuvi alibaki na jarife lililochanika.

Na kama daftari zenu za leo ni tupu, waheshimiwa, sababu yake haihitaji utafiti. Mvuvi anayeripoti pomboo aliyekufa anajiripoti mwenyewe. Anajua kukutwa na mzoga ni kesi, na anajua kuutupa majini ni kimya. Mkimtaka achague kati ya viwili hivyo, mshangae akichagua kesi. Ndiyo maana kwa mujibu wa makaratasi pwani yetu ni salama kuliko zote duniani: pomboo hafi, nyangumi hanasi, na kasa hufa kwa uzee. Anayeripoti kunasa kwa bahati mbaya asiguswe na sheria. Anayewinda ashtakiwe kama kawaida. Kutenganisha wawili hawa si huruma. Bila kutenganisha hampati hata namba moja ya kweli.

Mkihitaji mfano, si lazima mwende Ulaya kwa ziara ya mafunzo, ingawa najua hali ya hewa huko ni nzuri mwezi Julai. Pakistan, taifa la majarife kwelikweli, ilianza mwaka 2012 mpango ulioratibiwa na WWF-Pakistan ambamo manahodha wenyewe walifundishwa kuandika kila kilichonasa: jodari, kasa, pomboo. Hawakuwa wengi. Kutokana na kumbukumbu zao za 2013 hadi 2017, likapimwa jambo ambalo fundi yeyote wa nyavu analielewa bila projekta: itakuwaje jarife likishushwa mita 2 chini ya uso wa maji, kwa kurefusha kamba za maboya? Jibu lililochapishwa 2021 ni kwamba kunasa kwa pomboo na jamaa zake kulipungua kwa kiasi cha asilimia 78. Hakuna betri wala mtambo wa kuagizwa. Ni kamba na fundo, pamoja na nahodha aliyekubali kujaribu na kuandika matokeo bila kuogopa pingu.

Sisemi kwamba kamba hiyo itafanya kazi vilevile katika mkondo wa Pemba au nje ya Mafia. Huenda wakati wa kusi jarife likishushwa litajikunja. Huenda nguru atapita juu yake. Hapo ndipo mvuvi anapohitajika, kwa sababu yeye ndiye atakayeiona hasara siku ya kwanza, kwenye mnada, mbele ya tajiri wa chombo anayedai gawio lake. Mkitaka ajaribu kwa miezi sita, mfidieni samaki watakaopungua kwenye miezi hiyo. Kinyume chake ni kumtaka maskini agharimie jaribio la serikali.

Wapo kati yenu wasio na subira, wanaosema majarife yapigwe marufuku moja kwa moja. Naiheshimu hoja hii kuliko ile ya kofia, maana angalau inamfikiria pomboo, na mahali ambapo mnyama amebaki kwa makumi marufuku inaweza kuwa njia pekee. Ila marufuku nayo hutekelezwa na watu. Mexico walikuwa na vakita, mnyama mdogo wa jamaa ya pomboo asiyepatikana popote ila kaskazini mwa Ghuba ya California. Mwaka 1997 walikadiriwa kufika 567. Mwaka 2015 walibaki kama 60. Majarife yakapigwa marufuku kwenye eneo lake, jeshi la majini likaletwa na fidia ikatangazwa. Fidia ilipitia kwa wenye vibali na mabaharia wengi wakaambulia kidogo. Zana mbadala zikachelewa. Kisha malipo yakakoma. Wakati huo huo kibofu cha samaki aitwaye totoaba kiliuzwa China kwa bei inayomfanya mtu asahau doria. Nyavu zikarudi usiku. Kufikia 2018 vakita hawakufika 20. Magendo ndiyo mkosaji mkubwa, sibishi, lakini magendo hustawi pale mvuvi halali alipoondolewa riziki. Na hata huko, wapo wavuvi waliosaidia kuzitoa baharini nyavu zilizotelekezwa na kutega vinasa sauti vya kuhesabia vakita waliobaki. Walipopewa kazi, waliifanya.

Au tuje nyumbani, Kizimkazi. Hadi miaka ya 1990 pomboo wa huko waliwindwa na nyama yao ikawa chambo cha papa. Kuanzia 1992 mgeni akaanza kulipa kumwona pomboo akiwa hai, na mkono uleule uliorusha chusa ukashika usukani wa boti la watalii. Mwaka 1997 ghuba ikawa eneo la hifadhi, Menai, na vijiji vikaingia kwenye usimamizi. Mtanikatiza hapa, na mna haki: boti zimekuwa nyingi, zinawazingira pomboo, na watafiti wameonyesha kwamba pomboo wakifuatwa hivyo hupunguza kupumzika na kula, wanabaki kukimbia tu. Kweli tupu. Lakini ulizeni ni nani aliyemwahidi mgeni, kabla hajatoka hotelini, kwamba lazima aogelee nao. Mara nyingi si mwenye boti. Yeye hulipwa kwa safari, na mgeni akirudi na kinyongo, kesho boti litakaloitwa ni la jirani. Pale wavuvi walikabidhiwa usukani, bei ikabaki kwa wengine. Nusu hiyo ya ushirika ndiyo inayowasumbua pomboo leo.

Ombi langu la mwisho ni dogo na halihitaji mwezeshaji. Najua warsha hupangwa kwa kalenda ya bajeti, na kwamba fedha isiyotumika kabla ya tarehe 30 Juni hurudi ilikotoka. Lakini watu wa jarife wana kalenda nyingine. Siku za giza wako baharini. Mbalamwezi ikiwaka, samaki huziona nyavu, na wavuvi hubaki pwani wakishona. Mkiitisha kikao siku za giza, watakaojaa ukumbini ni wote wenye kujua kusaini isipokuwa wale mnaowatafuta. Subirini mwezi upevuke, mje diko, mkae mahali wanaposhonea. Bango si lazima. Fedha ya kofia na mikoba inunue kamba, mita 2 kwa kila boya, na atakayekuja na kabrasha aje na kisu cha kuikatia.