Kodi ya Masikio

Hapo zamani wanyama wa Goma walikuwa na soko Birere, juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na volkano ya Nyiragongo. Mama Chiriku aliuza nyimbo za kazi. Ukiimba mmoja, hesabu ya duka inajipanga. Ukiimba mwingine, njia ya Sake inajichora mbele yako. Katika kila punje 100 za maharagwe alizopata, 16 zilikwenda kwa Shefu Kenge, mtoza kodi. Alilipa bila kelele.

Kisha akatokea Korongo. Huyu hakuwahi kukanyaga Goma. Aliimba kutoka ng'ambo ya bahari, wimbo ukaja na upepo, mnunuzi akamtumia punje zake kwa upepo huohuo. Kodi hakulipa, bei yake ikawa chini, wateja wakamkimbia Chiriku.

"Shefu," Chiriku alilalamika, "mimi ninalipa kwa sababu kibanda changu kinajulikana. Yule je?"

Kenge akaona haki iko wazi, na faida iko wazi zaidi. Akabeba mizani hadi mpakani, Petite Barrière, akaketi kumngoja Korongo. Akasimamisha chukudu ya Nyani, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, iliyojaa viazi, akapekua ndoo ya samaki sambaza ya Mama Kanga, akatoza wote wawili. Nyimbo zikapita juu ya kichwa chake mchana kutwa. Jioni alirudi nyumbani akiimba mmojawapo.

Kesho yake likatoka tangazo: kwa kuwa mwimbaji hakamatiki, atalipa msikilizaji. Sikio dogo punje 1 kwa mwaka, sikio kubwa punje 7.

"Ni kwa usalama wenu," Kenge alieleza. "Sikio likiibwa, tutajua limekwenda wapi."

Sungura alilipa 7, ingawa hakuwahi kununua wimbo wowote. Chura alilipa 1. Mama Chiriku alipofika, Kenge alimzunguka akimkagua.

"Masikio yako wapi, mama?"

"Chini ya manyoya, Shefu."

"Kumbe unayaficha! Lipa na faini."

Chiriku akarudi Birere amelipa kwa kuuza, kwa kusikia na kwa kuumbwa ndege. Korongo, huko aliko, hakujua kama kuna Kenge duniani.

Wakaaji wa Goma hawahitaji kufasiriwa. Septemba 2020 Kongo ilianza kutoza RAM, rejista ya simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na kuendelea, zikikatwa kwenye uniti za mteja. Ilisemwa ni kinga dhidi ya wizi na simu bandia. Wananchi wakapaza sauti, ikafutwa 2022.

Wanyama nao walipaza sauti, kodi ya masikio ikaondolewa. Punje zilizokwisha kuliwa hazikutapikwa. Barazani akasimama Mbayuwayu, aliyetoka pwani.

"Nchini Kenya," alisema, "muuza nyimbo wa mbali anatakiwa kujiandikisha hukohuko aliko. Anaongeza 16 juu ya kila 100, anazipeleka mwenyewe hazina. Tanzania nayo imemwandalia Korongo njia ya namna hiyo tangu 2022, ikianza kwa 18. Anayeuza ndiye anayewasilisha kodi, na hakuna anayepimwa sikio."

Baraza likashangilia. Kenge akaomba neno.

"Shauri jema," alisema. "Lakini punje zikitoka kwa Korongo zikaingia hazina bila kupita mkononi mwa mtu, sisi wa barieri tutakula nini?"

Wazee wakatazamana, maana kila mmoja wao alikuwa na mpwa barieri.