Linauzwa, Ila Lisukumwe Kwanza

Jumamosi saa tatu asubuhi, kengele ya mlango ikilia, mke wangu hata haulizi ni nani. Anasema tu, "Baba watoto, mteja amekuja." Naiacha chai yangu ikipoa, navaa viatu vya soli ya mpira, natoka kwenda kusukuma gari ambalo si langu, silinunui, na likiuzwa sipati hata senti ya udalali.

Gari lenyewe ni MGB ya mwaka 1971. Jekundu, viti viwili, turubai la kukunja, rimu za spoki kama za baiskeli ya muuza maziwa. Ni la mzee jirani yangu hapa Abingdon, mji mdogo wa kando ya mto Thames, kusini ya Oxford. Na hapa Abingdon huthubutu kuisema vibaya MG, kama vile usivyothubutu kusimama Tanga ukautukana mkonge. Kiwanda kilikuwa hapa tangu 1929 mpaka kilipofungwa Oktoba 1980. MGB peke yake, tangu 1962 hadi siku ile milango ilipofungwa, ziliundwa zaidi ya laki tano, nyingi zikapakiwa melini kwenda Marekani. Laki tano! Na moja, kwa sababu anazozijua Mungu, ikabakizwa kwa ajili ya kiuno changu.

Niseme mapema kabla wapenzi wa magari hawajanijia juu: gari halina kosa. Mwenye kosa ni mzee. Analifungia gerejini wiki nzima, usiku anakwenda kuliwashia taa ili alitazame, kisha anarudi kulala na taa zinaendelea kuwaka zenyewe. Magari ya mwaka ule yana betri mbili za volti sita sita, zimefichwa nyuma ya viti chini ya zulia. Mke wangu alipoelezwa hilo aliniangalia kwa huruma. "Betri mbili, na bado linakusubiri wewe?"

Mimi na kusukuma magari hatukuanza jana. Tanga marehemu baba alikuwa na Peugeot 404, na alishikilia kwamba betri mpya ni anasa kwa mtu aliyejaliwa watoto wanne wa kiume. Alfajiri tuliinama nyuma ya buti na yunifomu zetu za shule, naye mkono umening'inia dirishani, akitukumbusha kwamba gari la aina hiihii ndilo Bert Shankland wa Dar es Salaam alilotwalia ushindi wa mbio za Safari, 1966 na tena 1967. Nilikuwa nameza vumbi nikijiuliza huyo Shankland alisukumiwa na watoto wa nani. Nikaapa kwamba nikiwa mkubwa nitahamia nchi ambayo magari yanawaka. Basi ndiyo hii.

Bei anayotaka mzee ni paundi 15,000. Siku moja alituita sebuleni kwake, mimi na mke wangu, akatufungulia faili la risiti, nene kama la kesi ya shamba. Bodi mpya tupu, kwa kuwa tangu 1988 kuna kampuni ya British Motor Heritage inayounda upya bodi za magari haya, unanunua kama unavyonunua kabati. Injini imefunguliwa yote na kurudishiwa. Kabureta zote mbili mpya, nyaya mpya, viti vimevalishwa ngozi mpya, turubai jipya, rangi usiseme. Mke wangu ni mhasibu, na mhasibu hawezi kuona risiti akaziacha zipite. Akawa anatikisa midomo kimyakimya, kisha akasema, "Mzee, hapa ni paundi 23,000 na bado sijafika mwisho." Mzee akalifunga faili haraka. "Tafadhali usijumlishe," akasema. "Mimi mwenyewe sijawahi kujumlisha."

"Sasa cha mwaka 1971 ni kipi?"

Mzee alifikiri sana. Akatupeleka gerejini, akafungua mlango, akatuonyesha kisahani cha majivu ya sigara.

Kinachoniudhi zaidi ni kodi. Kigari changu kidogo, kinachowaka kila asubuhi bila hotuba, kinalipiwa kodi ya barabara na kila mwaka kinapelekwa kukaguliwa kama mgonjwa wa sukari. Lakini gari likitimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana, serikali ya hapa inalisamehe yote mawili, kodi na ukaguzi. Kenya gari la mtumba likizidi miaka 8 haliruhusiwi hata kuteremka bandarini, huku likizeeka linapewa heshima za mstaafu. Nimemuuliza mke wangu kama na binadamu anasamehewa kazi za sulubu akitimiza 40. Akanikumbusha kwamba mimi nina 52.

Basi wateja. Wa kwanza alikuja na sumaku mfukoni. Magari haya hupenda kuliwa na kutu kule chini ya milango, na fundi mjanja huziba matundu kwa puti akapaka rangi juu. Sumaku isiponata, umemkamata. Yule bwana aliipitisha polepole, macho kayafumba nusu, kama mganga anayetafuta hirizi iliyozikwa uani. Ikanata kila mahali. Akasikitika sana. Akasema bodi ni nzima mno, yeye anataka iliyoishi.

Wa pili alikuja na mkewe. Mume alitoa hotuba nzima juu ya bampa: hili lina bampa za kromu, nzuri, si yale mapande meusi ya mpira waliyoanza kuyafunga 1974 ili kuzitii sheria za Wamarekani. Mke alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza watoto watatu watakaa wapi. Wakaondoka.

Wa tatu nilimwomba anisaidie kusukuma, maana gari lina zaidi ya kilo 900 na mtaa wetu hauna mteremko hata wa kuteremkia mpira. Mzee ndani, gia ya pili, mguu kwenye klachi, sisi nyuma tunahema. Tulipofika kona mteja alijinyoosha, akafuta jasho, akaligonga buti kwa heshima. "Chuma cha kweli hiki," akasema. Hakununua pia, ila aliondoka ameridhika kama aliyetoka mazoezini.

Mara moja tu, na hili mke wangu asilisome, mzee alinilipa fadhila. Lilikuwa limeshawaka, mteja kaghairi njiani, jua limetoka, akasema ingia. Tulikwenda hadi mtoni na kurudi. Unakaa chini kiasi kwamba lori likisimama kando yako kwenye taa, unasoma maandishi ya tairi lake. Upepo unakutoa machozi. Injini inanguruma kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kuamua kesi, na kila mtu barabarani anakupungia mkono, mimi ambaye nimeishi hapa miaka kumi na moja sijapungiwa. Nilijikuta natabasamu hadi meno yakapata baridi. Nilipoingia ndani nilisema nina mafua.

Jumamosi iliyopita akaja kijana mwenye miwani. Hakutoa sumaku, hakulala chini ya gari. Wala hakuomba apunguziwe, jambo lililonishtua mimi mtu wa Tanga, kwa sababu kutoomba kupunguziwa kwetu ni dalili ya homa. Alisema atalipa paundi 15,000 zote. Kisha akaeleza: atang'oa injini, aweke mota ya umeme na betri za kuchaji ukutani. Moyo wangu uliruka. Gari lisilohitaji kusukumwa! Nilitaka kumkumbatia.

"Na injini?" mzee akauliza.

"Chuma chakavu. Au ukipenda uibakize, uiweke bustanini."

Mzee alizichukua funguo kutoka kwenye boneti, akazitia mfukoni, akaufunga na mfuko wenyewe kwa kifungo. Akasema kwa adabu ile ya Kiingereza inayouma kuliko tusi kwamba gari, kwa bahati mbaya, haliuzwi leo.

Kijana alipoondoka tulibaki tumesimama. Nikamwambia, "Mzee, zile zilikuwa paundi 15,000."

"Hakuuliza hata linaendaje," akasema. Akavuta kitambaa, akafuta mahali palipoguswa na kijana, ingawa hapakuwa na kitu. "Jumamosi ijayo kuna mtu anakuja kutoka Coventry. Utakuwepo?"

Nilivitazama viatu vyangu, soli upande wa kulia imeshakwisha.

"Nitakuwepo. Ila, mzee wangu, nunua betri."

"Zipo mbili," akasema.